Volvo kufungwa 180: kabla hujacheka angalia kisahani chako cha spidi

Kijiweni kwetu Volvo ikitajwa tu lazima mmoja aanze: gari la wazee hilo, tena siku hizi wameyafunga yasizidi 180, sasa mtu unatoa hela yote hiyo ya nini? Kama hukufuatilia, mwaka 2019 Volvo walitangaza kwamba kuanzia 2020 magari yao mapya yote yataishia 180 km/h, iwe S90 ile sedani ya mabosi, iwe V90 yenye buti refu, iwe XC90, hata matoleo yenye injini kubwa yaliyokuwa yanagusa 250.

Mimi nasema nenda kwanza kaangalie kisahani cha Toyota Crown yako iliyotoka Japan. Namba ya mwisho pale ni ngapi? 180. Wajapani walishakubaliana wao kwa wao miaka mingi nyuma kufunga magari ya soko lao hapohapo, na sisi tumeyapiga Dar mpaka Tunduma, sijawahi kumsikia mtu analalamika kiwanda kimemuonea. Ila Mswidi, yaani Volvo, akifanya vilevile anaambiwa anatulea kama watoto.

Wanaopinga wana pointi lakini. Watu wengi hawafi kwenye 200, wanafia kwenye 60 na 80, dereva kalewa au yuko bize na simu, na Volvo wenyewe ulevi na simu waliutaja pamoja na mwendo kama mambo yanayowashinda. Halafu kuna kaunafiki fulani: Polestar, wale wa magari ya umeme, ni ndugu yao, wote wako chini ya Geely ya Uchina, na Polestar 2 inakwenda 205. Na 1990 kule Marekani walinaswa kwenye tangazo la lile gari la matairi makubwa linapita juu ya magari mengine, Volvo peke yake haibonyei, kumbe walikuwa wameiimarisha kwa ndani. Aibu ile ilikuwa halali yao.

Ila mkanda jamani. Mkanda wa pointi tatu unaouvaa leo ulitoka kwao 1959, kazi ya Nils Bohlin, jamaa aliyekuwa Saab anatengeneza viti vya kurusha marubani nje ya ndege, na hataza yake, yaani haki ya ugunduzi, wakaiachia kila kiwanda kitumie bure. Hata huo mkanda watu waliuona usumbufu, na mpaka leo unapanda teksi unakuta dereva kaupitisha nyuma ya mgongo kauchomeka ili kengele inyamaze. Mwaka 1967 Volvo wakatoa hesabu ya ajali 28,000 za magari yao huko Sweden: wasiofunga mkanda walikufa hata ajali ya mwendo wa kama 20 km/h, waliofunga hakuna aliyekufa chini ya kama 97. Ishirini! Hiyo ni spidi ya kutafuta parking. Hii namba mimi hainitoki kichwani, maana hao wa 20 nina hakika kila mmoja alijiona anaenda polepole tu, mkanda wa nini.

Sasa rudi kwenye 180. Kutoka 180 kwenda 250 mwendo unaongezeka chini ya asilimia 40, ila nguvu ya kugongana inakaribia mara mbili, kwa sababu inapanda kwa mraba wa spidi. Hakuna eabegi inayolipia hiyo tofauti, na wahandisi wanalijua hilo kuliko sisi wa kijiweni.

Ambaye namwelewa akinuna ni Mjerumani, kwao kuna vipande vya barabara kuu visivyo na limiti kabisa na BMW ya jirani inampita anaiangalia tu. Wewe wa Kimara umetoka kwenye foleni saa moja na nusu, ukipata upenyo tu kuna kibao cha 50 na trafiki kajificha kwenye kivuli cha mwembe na tochi yake, hiyo 181 ulikuwa unaipeleka wapi?