Daraja tumelipata, mguu bado unachelewa

Daraja la Kigongo–Busisi, la kuvuka Ziwa Victoria hapa Mwanza, lilipofunguliwa Juni 2025, mimi nilifikiria majeruhi kwanza. Miaka yote wa kutoka Sengerema na Geita walisubiri kivuko pamoja na magunia ya dagaa. Sasa zile kilomita 3 unazimaliza kabla hujamaliza kusimulia ajali ilivyotokea.

Binamu yangu, dereva wa bodaboda, alivunjika paja upande huo wa Sengerema. Alifika hospitali hapa mjini baada ya wiki saba. Daraja lilikuwepo. Yeye alikuwa kwa mganga wa kuunga mifupa: vibanzi vya mianzi, kuchuliwa mafuta, na kuku akavunjwa mguu ili wapone pamoja. Kuku alipona.

Siwacheki wazee. Mama mdogo alisema wazi, "Huko wanakata, mwanangu." Kweli tunawaona wanaorudi bila mguu, ila hatuulizi walifika lini. Kibanzi kikikazwa sana damu haipiti, vidole vinakufa ganzi, vinapoa, vinakuwa vyeusi, na daktari anabaki hana la kuchagua. Lawama anabeba mwenye msumeno.

Na paja si kidole. Misuli yake ina nguvu. Mfupa ukivunjika inavivuta vipande vinapandana, mguu unafupika. Kuchua hakuushindi mvuto huo. Ama ulale ukivutwa kwa uzito wiki 6 na zaidi, ama upasuliwe, chuma kipitishwe ndani ya mfupa, na wengi huinuka na magongo siku chache baadaye. Binamu alikuwa ameshaunga kombo. Ikabidi mfupa ukatwe upya ndipo unyooshwe: upasuaji mgumu zaidi, na ng'ombe wawili wakauzwa. Tuliokuwa tunakwepa gharama!

Mganga simfukuzi, maana watu watamfuata tu. Afundishwe mawili. Akifunga, aache vidole wazi, na vikipoa afungue hapo hapo. Mfupa ukitoboa ngozi asiuguse kabisa, mgonjwa aondoke siku hiyo hiyo, kwa sababu kidonda kile kinataka kuoshwa chumba cha upasuaji na antibiotiki mapema. Usaha ukiingia mfupani unaweza kukaa miaka. Kufundisha haya hakuhitaji nguzo wala zege.

Sasa binamu anatembelea gongo moja. Juzi mwenye pikipiki alimpigia. Tukadhani anamjulia hali, kumbe anauliza hesabu za wiki zile.