Mfereji Uliponyamaza

Mwezi jana kwenye chama chetu cha akiba, tulizunguka kila mtu akisema mwaka umemfikisha wapi. Mmoja amenunua ploti Joska. Mwingine anajenga Kitengela, amebakisha mabati tu. Zamu yangu ilipofika nikasema nimetengeneza mfereji wa jikoni. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikuwa natania.

Mfereji huo ulikuwa ukivuja tangu Januari. Naishi Umoja, Nairobi, na kwetu maji huja siku mbili kwa wiki. Siku nyingine twategemea tangi la juu, likikauka ni kununua mitungi. Basi lala hapo usikilize matone usiku kucha. Keateka, mtunza jengo letu, alisema "kesho" mpaka nikaacha kumuuliza. Fundi alitaka shilingi 800. Mwenye hadiwea ndiye aliyenifungua macho: "Hiyo ni wosha tu, mathe, kale kampira ka ndani. Shilingi 20."

Mara ya kwanza nilisahau kufunga valvu. Maji yaliruka mpaka dari, na jirani wa chini akapaza sauti kuuliza kama nimeamua kuwaogesha wote. Mara ya pili niliiweka kombo. Ya tatu ikakaa, na usiku ule nikachelewa kulala kwa kusikiliza kimya.

Kuna wanaotuhimiza tufurahie vitu vidogo, hata kule kuamka tu. Kuamka ni neema, nashukuru, lakini hakuna jasho nililotoa. Ili nijisikie nimefanya kitu, lazima kitu hicho kiwe kingeweza kunishinda. Wosha ilinishinda mara mbili.

Tena lazima kiishe. Ofisini najibu barua pepe. Nikimaliza za asubuhi, za mchana zimeshafika. Nayo ploti ni safari ya miaka. (Naitaka, msinielewe vibaya.) Lakini mtu ataishije miaka sita bila kumaliza chochote?

Dunia inamkumbuka Eliud Kipchoge wa Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40. Mimi humfikiria zaidi yule wa kambini Kaptagat, anayeshika zamu ya kuosha choo kama wenzake na kuandika mazoezi ya siku daftarini. Watu huita hilo unyenyekevu. Sawa, ila nashuku kuna jingine: marathoni ijayo iko mbali, lakini choo huoshwa kikang'aa leo hii.

Tulipokuwa tukitoka, yule wa Joska alinivuta kando, sauti chini.

"Hiyo wosha ni ya saizi gani? Wangu unavuja tangu Pasaka."

"Nusu inchi," nikamwambia. "Lakini funga valvu kwanza."