Usingizi wa kichanga: kuurefusha au kuungoja?

Mtoto wa wiki tatu hana upungufu wa usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 14 hadi 17 kwa siku kwa watoto wa umri huo, na wengi wanazifikisha bila shida. Kinachowatesa wazazi ni kwamba saa hizo huja vipandevipande, mbili hapa, tatu pale, na mtoto hajali kama ni saa sita mchana au saa tisa usiku. Ndipo mabishano yanapoanza. Wapo wanaoamini kichanga azoeshwe mapema kulala kwa mpangilio, na wapo wanaosema aachwe, usiku utakuja kurefuka wenyewe.

Hawa wa pili wana maumbile upande wao. Saa ya mwili ya kichanga bado haijakaa sawa. Melatonini, homoni inayoleta usingizi giza likiingia, huanza kutoka kwa mpangilio mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu. Tumbo lenyewe ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni jambo la kawaida, usiku ukiwemo. Mama naye ananufaika: prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, na anayeruka minyonyesho ya usiku katika wiki za mwanzo anaweza kukuta maziwa yamepungua.

Ila hoja yao kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ndiyo inayotajwa kwa nadra: kuamka kwa urahisi ni kinga. Mtoto akilazwa kifudifudi hulala fofofo na kushtuka kwa shida, jambo ambalo zamani lilisifiwa. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya vichanga vilipungua kwa karibu nusu au zaidi katika miaka iliyofuata. Ule usingizi mzito uliokuwa unatamaniwa ulikuwa umebeba hatari ndani yake. Ndiyo maana kila kifaa kinachouzwa kwa ahadi ya kumfanya mtoto alale kama gogo hunitia wasiwasi. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri wazazi wasitumie nguo za kumfunga mtoto zilizotiwa uzito, wala vitanda vilivyoinama.

Hata hivyo, kumwambia mzazi avumilie tu ni rahisi kwa aliyelala. Asiyepata lepe la usingizi wiki baada ya wiki yuko katika hatari zaidi ya kuingia kwenye sonona, na kuna siku atapitiwa na usingizi kwenye sofa huku mtoto yuko kifuani, mahali ambapo ni pabaya kuliko karibu pote kwa kichanga kulala. Kwa hiyo anayetafuta namna ya kuurefusha usiku hatafuti anasa.

Swali ni njia gani. Ushauri wa kumpa mtoto nafaka ili ashibe na kulala una punje ya ukweli, na si haki kuuita uzushi mtupu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye watoto zaidi ya 1,300, ulikuta kwamba walioanza kula wakiwa na miezi mitatu walilala muda mrefu zaidi walipofika miezi sita. Muda wenyewe? Kama dakika 17 kwa usiku. Na hao walikuwa wa miezi mitatu. Wa wiki tatu akipewa nafaka kwenye chupa anaweza kupaliwa. Shirika la Afya Duniani halijabadili msimamo: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Kumwacha alie mpaka alale nako hakumfai kichanga, kwa sababu hapo analia njaa.

Kinachosaidia ni vitu vidogo visivyouzika. Mchana, mwanga na sauti za kawaida za nyumba. Usiku, taa hafifu, ananyonya, nepi inabadilishwa ikibidi tu, hakuna mazungumzo. Halafu kuna kosa moja la kawaida sana. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni wa juujuu: anaguna, anakunja uso, anarusha mkono, macho yanatembea chini ya kope, midomo inanyonya hewa. Mzazi anawasha taa, anamnyanyua, na mtoto aliyekuwa amelala sasa yuko macho kweli. Ukisubiri dakika moja gizani, mara nyingi anatulia mwenyewe. Mengine yote ni kugawana zamu, kila mtu mzima apate angalau kipande kimoja kirefu cha kulala.

Tusitarajie makubwa pia. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 ulikuta kuwa hata kwa miezi sita, asilimia 38 ya watoto walikuwa hawajaweza kulala saa sita mfululizo, na ukuaji wao wa akili na mwili haukuonekana kuachwa nyuma na wenzao.

Kwa siku za mwanzo kabisa hesabu hugeuka. Kabla mtoto hajarudia uzito aliozaliwa nao, jambo ambalo kwa kawaida huchukua hadi wiki mbili, anayelala muda mrefu huamshwa anyonye. Na akiwa mlegevu, haamshiki, au ameacha kunyonya ghafla, hilo si suala la usingizi tena. Apelekwe hospitali usiku huohuo.