Kopo la kunasa oili: chupa inaonyesha nini hasa?

Mwenye gari anafungua kopo lililofungwa pembeni ya injini, anamimina yaliyomo kwenye chupa nyeupe, kisha anaiinua juu watu waone: uji mwepesi wa rangi ya matope, unaonuka petroli. "Huu wote ulikuwa unaingia kwenye injini yangu!" Watazamaji wanashtuka, na haipiti siku mbili wengine wameanza kuulizia kopo kama lile.

Kopo hilo, linalonasa oili kwenye gesi ya injini kabla haijarudishwa kuungua upya, linafanya kazi, sina ubishi. Ninachokitilia shaka ni ushahidi wa chupa.

Ringi za pistoni hazizibi kabisa. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapoungua ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mafundi wanasema injini "inapumua", na kila injini inapumua, hata mpya. Zinatofautiana kiasi tu. Gesi hiyo hubeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na masizi, na ikipita penye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inayochapa oili huokota matone madogo kama ukungu. Isipopewa njia ya kutoka, presha hupanda, sili zinaanza kuvuja, na hata stiki ya oili inaweza kusukumwa nje.

Zamani njia yenyewe ilikuwa bomba linalotema kila kitu chini ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 magari ya Marekani, yakianzia California iliyokuwa imechoshwa na moshi wa Los Angeles, yakaanza kuirudisha gesi kwenye manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, kupitia valvu ndogo, iungue upya. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu petroli ilikuwa inapulizwa kwenye manifoldi, inapita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha. Petroli ni sabuni nzuri ya oili, muulize fundi yeyote anayenawia.

Kisha nozeli inayopuliza petroli ikahamia ndani ya silinda. Mitsubishi ilianza kuuza injini za aina hiyo mwaka 1996, na leo zimejaa kila mahali, nyingine zikipuliza petroli kwa presha inayofika bar 350. Zinabana mafuta vizuri, lakini valvu haziogi tena. Ukungu wa oili unagusa chuma cha moto, unapikwa, unakuwa makaa. Yakishakuwa mengi, injini inatetemeka ikiwashwa asubuhi na nguvu zinapungua. Kuyatoa ni shughuli: manifoldi inafunguliwa, valvu zinapigwa kwa upepo uliochanganywa na maganda ya jozi yaliyosagwa. Toyota waliukwepa mtego huo kwenye baadhi ya injini zao kwa kuweka nozeli za aina mbili, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa, ya pili ikiendelea kuosha kama zamani.

Hapo ndipo kopo linapopata kazi. Linakatiza mpira, yaani bomba laini, unaotoka kwenye valvu ile ndogo kwenda manifoldi. Gesi ikiingia inakuta nafasi pana, mwendo unapungua, inagonga sahani na wavu wa chuma na kulazimishwa kukata kona kali. Gesi ni nyepesi, inakata kona. Tone la oili haliwezi. Linagonga chuma, linanata, linaungana na mengine, linadondoka chini. Kwa hiyo kopo ambalo ndani ni tupu, tundu la kuingilia likitazamana na la kutokea, ni pambo. Nimewahi kufungua lenye rangi ya kuvutia na nembo ya kung'aa nikakuta halina hata kipande cha wavu.

Turudi kwenye chupa. Iache itulie siku mbili. Maji yatakaa chini, na juu utabaki utepe wa oili iliyozimuliwa na petroli. Ukiwa unaendesha safari fupi wakati wa baridi, maji ndiyo yatakayotia fora, maana injini haipati joto la kuyakausha. Maji hayo na petroli hiyo vingepita na kutokea kwenye ekzosi bila kuumiza valvu. Ulichookoa ni ule utepe wa juu, na hata huo si makaa yote: oili nyingine hushuka kwenye mashina ya valvu kupitia sili zake, mahali ambapo kopo halifiki. Kwenye injini ya tabo, feni inayosukuma hewa kwa nguvu kwenye silinda, mambo yanazidi, kwani tabo ikisukuma hewa ile valvu ndogo hufunga na gesi hupitia mpira wa pili, unaoingia kwenye njia ya hewa kabla ya tabo. Kopo moja kwenye mpira mmoja limeacha mlango wa pili wazi.

Wanaolipinga wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kopo lisipomwagwa hujaa, na injini inaweza kuvuta lile tope kwa mkupuo mmoja. Kwenye nchi za barafu maji huganda ndani yake, gesi inakosa njia, sili zinapasuka. Mpira ukivuja, injini inavuta hewa isiyopimwa na taa inawaka kwenye dashibodi. Wengine huacha kopo litoe gesi nje moja kwa moja, jambo ambalo sheria za nchi nyingi zinakataza, na harufu utaipata hata ukiwa ndani ya gari.

Hoja yao moja siikubali: kwamba lingekuwa na maana, kiwanda kingeliweka. Injini nyingi zina kitenganishi cha oili tangu kiwandani, ila kinarudisha oili kwenye sampu chenyewe. Kopo linataka mtu wa kulimwaga kila baada ya kilomita elfu chache, na kiwanda kinajua wateja wake.

Wanaolisifu nao husema magari ya mashindano huwa nalo, lakini hoja hiyo haiwasaidii. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, hudai chombo cha lita 2 kwa injini isiyozidi cc 2000, na lita 3 kwa kubwa zaidi, pale mfumo wa kupumua ukiwa wa wazi. Lengo ni oili isimwagike barabarani magari yakateleza. Valvu hazihusiki.

Kwa hiyo ukiwa na injini ya nozeli za kwenye manifoldi, isiyo na tabo, ningekwambia achana nalo. Yenye nozeli ndani ya silinda, hasa ya tabo, na wewe ni mtu wa kufungua boneti mara kwa mara, liweke, lenye wavu, kwenye mipira yote miwili. Jamaa yangu mmoja lake lilikuwa linajaa oili kila wiki, naye akilisifu kwa kila mtu. Tulipopima kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda, silinda mbili zilikuwa hoi, ringi zimekwisha. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama yapo makopo makubwa zaidi.