Kabla ya kufyeka, ulizeni nani anamwagilia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita niliamshwa na sauti ya fyekeo. Sikushtuka. Ni siku ya usafi, na mtaani kwetu Sinza siku hiyo mafagio na matoroli huanza saa moja asubuhi. Nikajigeuza upande wa pili nikaendelea kulala. Saa mbili na nusu nilipotoka kwenda kununua chapati, nikakuta kona yetu iko uchi. Mchaichai umelazwa, mrehani umelazwa, na mwarobaini uliokuwa umeshanifika kifuani umebaki kijiti cha urefu wa kiganja. Hewa yote pale ilikuwa inanukia chai.

Vijana wawili walikuwa wamekaa ukingoni mwa mtaro wakinywa maji. Nikawauliza nani kawaambia wakate. Mmoja akasimama, akanijibu kwa adabu: "Dada, sisi tumeambiwa tusafishe majani yote, kuanzia mtaroni mpaka kwenye nguzo." Sina ugomvi naye. Alipewa fyekeo na mpaka wa kazi, akafanya kazi. Ugomvi wangu ni na aliyetoa amri bila kufika pale, bila kuuliza hata mtu mmoja, ilhali hatua kumi kutoka hapo kuna mama ambaye amekuwa akichoma chapati kila asubuhi na angemjibu swali lolote.

Ngoja niieleze hiyo kona, maana ukiisikia tu "bustani" utafikiri tulikuwa na kitu kikubwa. Ni kipande cha pembetatu, hatua nne kwa tatu, kati ya mtaro, ukuta wa nyumba na nguzo ya umeme. Hakina mwenyewe. Kwa miaka niliyokaa hapa kilikuwa jalala: vifuu vya madafu, nepi, maganda ya machungwa, na mifuko ya rambo hadi ilipopigwa marufuku Juni 2019. Mvua ikinyesha, uchafu wote huo uliingia mtaroni, mtaro ukaziba, maji yakaingia kwa jirani wa nyumba ya chini. Tulibandika tangazo la kukataza kutupa taka. Tangazo lenyewe likageuka taka.

Aliyebadilisha mambo ni huyo mama wa chapati. Alichoka kuvumilia harufu nyuma ya jiko lake, akachukua ndoo iliyopasuka, akapanda mshubiri, akaiweka katikati ya jalala. Basi, alianza na ndoo moja tu. Wiki iliyofuata akaongeza ya pili, akapanga mawe mbele yake, akafagia. Mimi nikaleta mrehani. Fundi viatu wa pale kwenye kivuli akaleta mche wa mwarobaini uliojiotea nyuma ya kibanda chake. Kufika mwezi wa tatu tulikuwa tumeshaondoa taka zote na hakuna aliyetupa tena hata ganda la ndizi. Hatukumkemea mtu. Mtu anapita usiku na mfuko wake mkononi, anaona pamefagiwa, anaona kuna maua, anaendelea na safari. Binadamu hatupi taka mahali anapoona mkono wa mtu mwingine.

Na huo mkono ndio ninaotaka kuuzungumzia, kwa sababu hapa Dar tunaheshimu sana kupanda na hatuheshimu kabisa kumwagilia. Tumeshuhudia mara ngapi? Miti inapandwa kwa hotuba na turubai, kila mgeni anapigwa picha na jembe, kila mche unapewa kibao. Rudi Septemba. Kibao kipo, mche haupo. Udongo wetu wa Dar, hasa huku kwenye mchanga, haushiki maji. Unamwaga ndoo asubuhi, saa nne ukichimba kwa kidole ni vumbi. Mche uliopandwa masika unapata mvua kuanzia Machi hadi Mei, halafu unaachwa ujitegemee miezi minne au mitano hadi vuli ya Oktoba. Uliopandwa vuli nao unakutana na Januari na Februari, miezi ambayo hata mtu mzima anatafuta ukuta wa kujibanza. Miche mingi haifi kwa sababu ilipandwa vibaya. Inakufa kwa sababu Jumanne moja ya kawaida, hakuna kamera wala mgeni rasmi, hakuna aliyeipelekea kopo la maji.

Kipande chetu kile kidogo kilikunywa madumu mawili ya lita 20 kila jioni Januari na Februari. Fanya hesabu mwenyewe kwa miezi miwili. Maji ya bomba hayakutosha na siku nyingine yalikuwa hayatoki kabisa, kwa hiyo mama wa chapati alikuwa akiweka beseni pembeni: maji aliyooshea mchele, maji ya mboga, maji ya mwisho ya kusuuzia vyombo ambayo hayana sabuni. Watoto wakitoka shule walibeba. Mimi nilikuwa na zamu ya Jumatano na Jumapili. Kwa siku ambazo kila mtu yuko mbali, fundi viatu alituonyesha kitu ambacho sasa nakifanya hata nyumbani. Chukua chupa ya maji tupu ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano ya kushonea viatu, tundu moja tu, kata kitako cha chupa, ifukie kichwa chini karibu na mzizi, jaza maji. Inadondosha taratibu, tone kwa tone, maji yanakwenda chini kwenye mzizi badala ya kukaushwa na jua juu. Tundu likiwa kubwa maji yanaisha dakika chache, likiwa dogo mno mchanga unaziba, kwa hiyo lazima ujaribu. Mwarobaini ule ulikuwa na chupa mbili, moja kila upande. Fyekeo lilizipasua zote mbili.

Ninaposema aulizwe anayemwagilia, nina maana hiyo. Ardhi ile si yetu kwa hati, najua. Lakini kuna mtu ambaye kwa miezi kumi na minne aliipa kile ambacho hakuna ofisi iliyowahi kuipa, yaani kuikumbuka kila siku. Huyo ana haki ya kugongewa mlango kabla ya kufyekewa. Sidai fidia wala kibali cha kudumu. Ninachodai ni swali moja, ambalo lingechukua dakika mbili: nani anapatunza hapa?

Nitaambiwa hifadhi ya barabara ni hifadhi ya barabara. Sawa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na wengi wetu tuna ndugu ambaye ukuta wake uliwahi kuchorwa ile X nyekundu. Sheria ina sababu zake: bomba lipite, nguzo ifikike, barabara itanuliwe. Siku bomba likija, tutang'oa mchaichai wenyewe kwa mikono yetu na kuupanda kwingine. Lakini pale kwetu halikuja bomba. Lilikuja fyekeo, na baada ya fyekeo hakuna kilichojengwa. Nimepita jana jioni, tayari kuna mifuko miwili ya taka.

Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba si kila kitu kinafaa kupandwa kando ya njia. Kwenye kona ya magari usipande kitu kinachovuka goti, kwa sababu dereva wa bajaji anatakiwa amwone mtoto anayevuka. Makopo na matairi yanayotuama maji ni kiota cha mbu wa dengi, na Dar tuliipata dengi mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo chombo chochote kitobolewe chini. Na mboga: hapa ndipo nilipobishana na mama wa chapati hadi akaninunia wiki nzima, kwa sababu alitaka kupanda mchicha. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na ndani yake zilikutwa metali nzito kama risasi na kadmiamu. Sinza yetu hii hii. Udongo wa kona ambayo ilikuwa jalala, tena kando ya mtaro na moshi wa pikipiki, siwezi kuulisha mtoto wa mtu. Tukakubaliana matembele na mchicha vikae kwenye viroba uani kwake, na udongo wa kuletwa. Pale nje tukaweka kivuli, harufu na maua. Mchaichai tuliupanda kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko, japo sasa nakiri kuna waliokuwa wakiuchuma.

Kuna watu wanasema mambo haya ni ya Wazungu, ya watu wenye nafasi. Hapana. Ni kweli mwaka 1973 New York, mwanamke anayeitwa Liz Christy na wenzake waliojiita Green Guerillas waliingia kwenye kiwanja kilichotelekezwa kwenye kona ya mitaa ya Bowery na Houston, wakatoa takataka, wakaleta udongo, wakapanda. Hawakuwa na kibali. Wengine walirusha vitufe vya mbegu juu ya uzio wa viwanja ambavyo hawakuweza kuingia. Na mwaka 1974 jiji likafanya nini? Likawakodisha kile kiwanja kwa dola moja kwa mwezi. Bustani ipo hadi leo na ina jina la Liz Christy. Los Angeles nako, Ron Finley alipanda mboga mwaka 2010 kwenye kipande cha nyasi kati ya njia ya miguu na barabara mbele ya nyumba yake, jiji likamwandikia kosa, watu wakasimama naye, na kanuni zikaja kubadilishwa. Miji hiyo ilianza kwa ukali kama wetu, kisha ikatazama ni nani anayeshika mpira wa maji. Mimi naomba hilo tu.

Lakini bibi zetu hawakuhitaji kusikia habari za New York. Nenda uswahilini popote, Manzese, Tandale, Keko, utakuta mrehani kwenye kopo la rangi mlangoni na mpapai kwenye kipande cha ardhi kisichotosha kulaza mkeka. Mtu anayeishi na familia kwenye chumba kimoja bado anatafuta pa kuweka jani. Hiyo haja haijaletwa na mtu.

Nilipokuwa mdogo baba alitupeleka mara moja kwenye bustani ya mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Nakumbuka ubaridi wa pale kuliko miti yenyewe, ile hali ya kutoka kwenye lami ukaingia chini ya majani na jasho likakauka shingoni. Tulikaa saa nzima hatutaki kuondoka. Wangapi kati ya watu 5,383,728 waliohesabiwa Dar kwenye sensa ya 2022 wanafika pale? Mtoto wa Mbagala, mtoto wa Kimara mwisho, nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha mchana. Hao kivuli chao ni cha mtaani kwao au hakipo. Kwa hiyo mtu akiniambia hatua nne kwa tatu si kitu, nakasirika kweli. Bodaboda watatu walikuwa wanasubiri abiria kando ya kile kimwarobaini, na kilikuwa hakijafika hata mita mbili.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza, na nashukuru kwamba alinisikiliza, akasema hakujua kama pale "pana wenyewe." Nikamwambia ndicho nilichokuja kusema. Nimemwomba kitu rahisi: daftari moja pale ofisini, anayetunza kona aandike jina, namba ya simu na mahali penyewe, na kabla ya siku ya usafi anayegawa mafyekeo alipitie. Ameniambia nilete barua. Barua nimeiandika, tumesaini watu kumi na saba, akiwemo yule kijana aliyefyeka, ambaye kumbe anakaa mtaa wa pili na alikuja mwenyewe jioni ile kuuliza kama mchaichai utaota tena.

Utaota, shina lipo. Na mwarobaini hauchoki kirahisi. Kisiki chake kimeshatoa machipukizi manne, nimeacha mawili yaliyonyooka nikaondoa mengine. Jumapili hii saa kumi na moja jioni tunapanga mawe upya na kutoa ile mifuko miwili. Mwenye kupenda kuja, karibu, ila aje na samadi iliyokauka vizuri au na dumu la maji. Miche tunayo ya kutosha.