Ukuta wa Moto wa Shangazi

Mtaani kwetu Langoni, hapa Lamu, siku hizi sina jina. Marehemu babu alinipa zuri tu, lakini tangu ile Alhamisi ya wageni, hata watoto wakitoka chuoni na vitabu kwapani wakiniona hupaza sauti: "Zimamoto!" Nami huitika, maana nikinuna ndiyo wanazidi.

Acha niwape kisa chenyewe.

Shangazi ana nyumba ya wageni, vyumba saba, na juu kabisa dari ya makuti ambapo wageni hulala mchana wakipigwa na upepo. Mimi ndiye kijana wa kompyuta wa ukoo, kwa hiyo nilimtengenezea programu ya kuandikisha wageni. Kumbukumbu zote zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyoko Ulaya, huko wanakokuita winguni. Shangazi aliniuliza swali moja tu: "Na mvua ikinya, wingu likaisha, wageni wangu watakuwa wapi?"

Seva ile, siku ya kwanza, niliiacha wazi usiku mmoja. Asubuhi nikafungua kumbukumbu zake nikakuta watu nisiowajua, kutoka pembe zote za dunia, wamekesha wakibisha. Mmoja kajiita "root," mwingine "admin," mwingine "test," kila mmoja kajaribu nywila kwa mamia. Nilihesabu mpaka elfu mbili nikaacha. Siku hiyo hiyo nikaweka faiawoli.

Kazi ya faiawoli ni ile ya bibi anayekaa mlangoni siku ya kupamba harusi. Ana orodha, hukuandikwa, huingii. Tofauti ni kwamba bibi wa harusini atakukemea angalau, ujue umefukuzwa. Faiawoli hakujibu. Utapiga hodi, hodi, hodi, na kompyuta yako itazungusha kile kiduara mpaka uzeeke.

Nikaandika kwenye orodha anwani ya IP ya nyumba yetu, ile nambari inayotutambulisha kwenye intaneti, peke yake. Shida ni kwamba anwani yenyewe si yetu, tumeazimwa. Anwani za IP za mtindo wa zamani, ule ambao wengi bado tunautumia, hazizidi bilioni 4.3 kwa ulimwengu mzima, na simu na kompyuta ni nyingi kuliko hizo. Kampuni za intaneti zinazigawa kwa zamu. Umeme ukikatika na modemu ikawaka upya, yaweza kurudi na nambari nyingine kabisa. Na habari za umeme wa Lamu nisizianze, nina kisa cha kumaliza. Ikawa kila ukikatika, yule bibi mlangoni hatujui tena, na mimi napanda ngazi mbiombio kwenda kubadilisha nambari kwa mkono.

Anwani ya kudumu inauzwa, ni kweli. Nilimwonyesha shangazi bei ya mwezi. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Hiyo anwani inafua na mashuka?"

Basi nikaandika skripti, kijiprogramu kinachojiendesha chenyewe. Inaamka kila dakika 5, inauliza tovuti moja ya nje, "Mimi naonekana kwa anwani gani?", inajibiwa. Halafu inakwenda kwa wenye seva, inatazama orodha. Kama iliyoandikwa si hiyo, inafuta zote na kuandika mpya. Moja tu ibaki. Nilipenda usafi, na usafi ndio ulioniponza.

Skripti niliiweka kwenye laptopu yangu. Ningeiweka kwenye kompyuta ya mapokezi, lakini wana wa binamu yangu huichezea michezo ya magari, na skripti ilibeba funguo za seva. Wiki sita ikafanya kazi kama saa ya msikitini. Umeme ukatike, urudi, ndani ya dakika 5 mambo sawa. Nikaanza kutembea barazani kwa madaha.

Alhamisi hiyo nilikuwa na safari ya Malindi, kwenda kwenye posa ya rafiki yangu. Saa moja asubuhi nikapanda boti mpaka Mokowe, nikaingia basi, nikapata kiti cha dirishani. Kabla basi halijaondoka nikafungua laptopu, nikaiunganisha na intaneti ya simu ili nimalize kazi ya mteja.

Mwenye akili ameshaona. Mimi sikuona.

Tulikuwa tumeshapita Hindi simu ilipolia. Shangazi. Wageni sita wameshuka Manda kwa ndege ya asubuhi, wamevuka na boti, sasa wamesimama mapokezi na mabegi yao, na kompyuta inazungusha kiduara.

"Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

Nikafungua ukurasa wa usimamizi wa seva, ambao hauko nyuma ya faiawoli na hufunguka popote. Nikatazama orodha. Pale ilipokuwa anwani ya nyumba paliandikwa anwani inayoanza na 105. Nikajiuliza, huyu nani? Nikaangalia ya simu yangu. Ndiye mimi.

Skripti ilikuwa haiifuati nyumba, bali laptopu. Nilivyoiwasha ndani ya basi, ikaona "nyumba" imehamia Mokowe, ikamfuta shangazi na kuniandika mimi. Seva ya nyumba ya wageni sasa ilimruhusu mtu mmoja tu, aliye kiti cha dirishani akienda kula pilau.

Sasa hapa nijitetee kidogo. Shangazi hapendi nichanganye Kiingereza. Nikimwambia "server" huniambia niende nikanawe kinywa. Kwa hiyo nilikuwa nimejizoeza kusema naye Kiswahili kitupu, hata faiawoli nikaitafsiri neno kwa neno: ukuta wa moto. Na mtandao wa simu katika ile barabara, mnaujua, unakuja na kwenda kama mgonjwa wa homa. Nikamwambia, kwa heshima zote:

"Shangazi, usiwe na wasiwasi. Ni ukuta wa moto umekufungia. Natafuta njia ya kuutoa..."

Alichosikia, nilikuja kuambiwa baadaye, ni hiki: "Shangazi... ukuta... moto... toa." Halafu simu ikafa.

Mimi, bila habari, nikashughulika. Nikaiandika anwani ya nyumba kwa mkono. Nikapumua. Dakika chache baadaye, imefutwa. Nikaandika tena. Imefutwa tena. Jasho likanitoka. Nikasema hapana, kuna mtu ndani ya seva yangu, mwizi, tena ana saa, maana anafuta kwa vipindi sawasawa. Nikabadilisha nywila. Nikaandika tena. Ikafutwa. Mama aliyekaa pembeni yangu na kikapu cha maembe akaniuliza kama natapika njiani. Mara ya nne ndipo nikatazama saa vizuri: dakika 5, dakika 5, dakika 5. Mwizi alikuwa magotini mwangu.

Tuliacheni basi, turudi Langoni.

Shangazi alitoka mlangoni akapiga ukelele: "Ndooni! Ndooni na mai!" Kwetu Kiamu, "ndooni" ni "njooni." Watu wa mtaa wakaelewa wameitwa, wakaja. Mafundi wawili wa kutoka bara waliokuwa wakichanganya saruji uchochoroni wakasikia wametakiwa ndoo, wakaja nazo. Kila mtu alielewa lake, na yote yakafaa.

Moshi haukuonekana. Lakini shangazi alishaambiwa ni ukuta, na mwenye kuambia ni mtu wa kompyuta. Juu kuna makuti, na makuti hayasubiri. Basi watu kumi na kitu wakaingia kuukagua ukuta kwa viganja. Binamu yangu anasimulia hapa akijishika mbavu: wazee wa barazani na makofia yao, muuza kahawa kaliacha dele lake nje, mafundi wana saruji mpaka viwikoni, wote wameegemeza mikono miwili ukutani, wamefumba macho, wanasikiliza joto. Wale wageni sita wakadhani ni mila. Wakaweka mabegi chini, nao wakaegemea. Mmoja, mama mtu mzima, akabusu ukuta.

"Huu hapa!" fundi mmoja akapaza sauti. "Huu una moto!"

Kweli ulikuwa na moto. Ukuta wa matumbawe wa nyumba ile ni mnene, hauingiwi na joto wala baridi, lakini nyuma ya mapokezi kuna kiambaza chembamba cha matofali kilichojengwa juzijuzi, na upande wa pili jirani ana tanuri la mkate wa mofa. Kila siku kiambaza kile ni cha vuguvugu. Paka wa mtaa wanakijua, hulala hapo wakati wa kusi. Na juu ya kiambaza hicho, kwenye rafu niliyoipigilia kwa mikono yangu, imekaa modemu.

Ndoo ya kwanza ilitosha. Zikamwagwa nne.

Mimi huku, tukikaribia Witu, nimeshaizima skripti, nimeandika anwani ya nyumba, imekaa dakika 5, imekaa 10, haikufutwa. Nikapata ushindi moyoni. Nikampigia shangazi, hapokei. Nikampigia binamu.

"Tayari!" nikamwambia. "Mwambie ajaribu sasa, nimeshawafungulia mlango."

Kukawa kimya kidogo. Nikasikia maji yakidondoka.

"Mlango wa wapi?" akaniuliza. "Modemu inakunywa."

Wageni waliandikishwa kwenye daftari la jalada jeusi, ambalo kumbe shangazi hakuliacha hata siku moja katika wiki zote sita. Alikuwa akiandika kwanza humo, kisha ananakili kwenye kompyuta ili nisivunjike moyo.

Modemu mpya ilifika Jumamosi, ikaja na anwani mpya. Skripti nimeiandika upya. Sasa kila mashine ina mstari wake wenye jina lake: mmoja "nyumba," mwingine "safari," na hakuna anayegusa wa mwenzake. Inaongeza anwani mpya kwanza, ikishaona imekaa ndiyo inafuta ya zamani. Na jibu la ile tovuti ya nje inalikagua kama kweli ni nambari, maana nilishaliona siku moja limekuja ukurasa mzima wa kuomba radhi. Ya "nyumba" inaendeshwa na kikompyuta kidogo kisicho na kioo, kimefungiwa kabatini, wana wa binamu hawakijui.

Shangazi hakunigombeza. Aliniomba tu niongee naye Kiingereza.

Na jirani wa mofa, kila alfajiri kabla hajawasha tanuri, hugonga kiambaza mara tatu na kuita: "Bi mkubwa, moto huu ni wangu!"