Kila Mtu Anajua Pa Kuipeleka Hela Yangu

Siku hizi mjini hapa huruhusiwi kuwa na hela kidogo kwa amani. Zamani ukiwa huna, ulikuwa huna, yameisha. Mangi wa dukani anakuandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi mnatafutana, maisha yanasonga. Leo ukiwa huna unaambiwa umekosa "nidhamu ya fedha", na anayekuambia ni mtoto uliyempa hela ya mihogo juzijuzi tu alipokuwa darasa la tano.

Mimi nakaa Mbagala, nyumba ya kupanga, vyumba vinane, choo kimoja, luku moja. Mungu akaona hatujakamilika, akatushushia kocha wa fedha chumba cha uani.

Kocha ni kijana mwenye adabu, hilo simnyimi. Asubuhi ananiamkia: "Shikamoo, mzee." Ila kabla sijamaliza kuitikia, macho yake yameshatua mkononi kwangu kuangalia nimebeba nini. Nikibeba mkate, anauliza kwa upole kabisa: "Mzee, hilo ni hitaji au ni matamanio?" Jamani, ni mkate! Nimeutoa dukani, naupeleka kwa watoto, katikati hapo nahojiwa utadhani nimevuka mpaka wa Namanga na pembe za ndovu.

Kazi yake ni kurekodi video za kufundisha watu kuweka akiba. Ofisi yake ni uani, kwenye kile kipande cha ukuta ambacho mwenye nyumba alikipaka rangi, rangi ikamwishia. Anasimama hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kamera kwenye kijiti, taa ya duara inamulika mpaka majogoo ya jirani yanachanganyikiwa. Hiyo taa inakula umeme wa nani? Wetu sote. Siku ya kuchanga luku ikifika, Kocha anatoa nusu, anasema nusu nyingine "iko kwenye mzunguko".

Sasa, uani huohuo ndipo anapopikia Mama Vitumbua. Na kwa Mama Vitumbua ndipo ninapokunywa chai, chapati mbili na chai ya maziwa, kwenye kibao changu, nimegeuzia mgongo dunia. Asubuhi moja nikasikia nyuma yangu: "Ndugu mtazamaji, mwangalie huyu mzee." Kugeuka, kamera iko usoni, chapati iko mdomoni.

"Huyu mzee," Kocha anaendelea kama vile mimi ni sanamu la Askari pale Posta, "anatumia shilingi 1,500 kila asubuhi. Zidisha kwa siku 365, ni shilingi 547,500. Miaka kumi, shilingi 5,475,000. Huyu mzee, ndugu mtazamaji, ameshakula kiwanja!"

Mama Vitumbua akasimama na kijiko chake kinachuruzika mafuta. "Amekula kiwanja kwa hela ipi? Mbona mimi hata ya wiki iliyopita sijaiona?"

Hicho kipande Kocha alikikata. Mimi nilibaki.

Na hesabu yenyewe ina jambo lake. Kocha amezidisha chapati kwa miaka kumi, kiwanja amekiacha palepale na bei yake ya leo, kinanisubiri kwa heshima. Kiwanja gani cha Dar kinachosubiri mtu? Ukianza kujinyima chapati kiko Chamazi. Ukishakonda vya kutosha kimehamia Vikindu. Ukifika Vikindu na bahasha yako, dalali anakuambia, "Mzee, kwa hela hiyo twende Mkuranga, tena ndanindani, uwe na buti."

Nimekuja kugundua hii vita na chai ya asubuhi hawakuianzisha vijana wetu. Kule Marekani yuko bwana mmoja, David Bach, miaka mingi anawahubiria watu kwamba kikombe cha kahawa cha kila siku ndicho kinachowafilisi. Halafu mwaka 2017 tajiri wa majumba wa Melbourne, Tim Gurner, akawaambia vijana wa Australia kuwa yeye alipokuwa anatafuta nyumba yake ya kwanza hakuwa ananunua parachichi la kupondwa la dola 19. Wakachachamaa huko. Habari ikazunguka dunia, ikafika Mbagala, ikaingia kwenye simu ya Kocha, ikatoka vilevile bila kuoshwa. Akasimama ukutani: "Acheni parachichi! Parachichi ndilo linalowafanya mpange mpaka uzeeni!"

Sasa Mama Vitumbua kwao ni Tukuyu. Huko parachichi hulinunui, linakudondokea. Ukilala chini ya mti linakuamsha. Alicheka mpaka akaacha vitumbua vikaungua, na vile vilivyoungua akaniuzia mimi kwa bei ileile, maana eti nilicheka naye.

Kingine ni hizo asilimia. Amenichorea kwenye boksi la sabuni: hamsini kwa mahitaji, thelathini kwa matamanio, ishirini akiba. Mpango huo aliueneza Elizabeth Warren wa Marekani pamoja na binti yake mwaka 2005, kabla mama huyo hajawa seneta. Nina uhakika ni mama mwenye akili sana. Ila ni wazi hajawahi kukaa kikao na mwenye nyumba wa Mbagala. Mwenye nyumba wangu hajui kitu kinaitwa mwezi. Anajua miezi sita. Chumba na sebule 70,000, mara sita, 420,000, taslimu, na anakuja kuichukua amevaa kanzu ili usimbishie. Siku hiyo mahitaji yanakuwa asilimia mia na arobaini. Nikamuuliza Kocha hiyo arobaini ya juu inakaa wapi kwenye boksi. Akageuza boksi upande wa pili, akalitazama, akasema tutaendelea kipindi kijacho.

Kuhusu mfuko wa dharura ndiyo usiniulize. Vitabu vyao vyote vinaimba wimbo mmoja: weka pembeni matumizi ya miezi mitatu hadi sita, usiyaguse mpaka dharura. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba kwenye ukoo wetu dharura zina masikio. Hela ikiwa haipo, watu wote wazima, hata babu anaota meno mapya. Weka laki mbili tu kwenye simu, ukaapa hujamwambia mtu, jioni simu inaita kutoka Masasi: "Mwanangu, hujambo? Tulikuwa tunakuwaza tu." Ukisikia "tulikuwa tunakuwaza tu", hiyo laki mbili mshaagana. Bati la jikoni limeruka, mtoto wa shangazi karudishwa ada, na kuna msiba wa mtu ambaye mimi nilishachangia msiba wake mwaka juzi. Nikauliza, huyu si alishafariki? Nikajibiwa kwa ukali, "Hii ni arobaini." Arobaini ya mwaka juzi! Kocha anasema jifunze kusema hapana. Aniambie yeye basi, maana mama yake huwa anampigia hapohapo uani na hatujawahi kulisikia hilo neno.

Jumamosi wanakuja wenzake. Maana kumbe hawa watu wako wengi, wana umoja wao, wanapeana moyo kuliko wagonjwa wa wodi moja. Huyu akirekodi, yule anapiga makofi. Yule akiandaa semina, huyu ndiye "mgeni rasmi". Wiki ijayo wanabadilishana. Kila mmoja ana kijitabu chake cha shilingi elfu tano, na nimefuatilia kwa makini pale kibaoni kwangu: wanunuzi ni wao kwa wao. Elfu tano ileile inatoka kwa huyu, inaingia kwa yule, inazunguka mviringo mzima, jioni inarudi kwa mwenyewe imechakaa, na wote wameuza.

Kuna koti pia. Koti la bluu, kifungo cha chini ni cheusi wakati vingine ni vya dhahabu. Nalijua vizuri kwa sababu linaanikwa kwenye kamba yetu kila zamu ya Kocha ikifika. Jumatatu nikalikuta kwenye simu ya binti yangu limevaliwa na mwingine anafundisha kuhusu hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, inakulipa riba. Jumatano limevaliwa na yule mfupi, mikono imekunjwa mara mbili, anaeleza vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ijumaa liko kwa dada mmoja anayefundisha wanandoa kuweka bajeti pamoja, yeye hajaolewa. Sisemi wanachofundisha ni uongo. Hati fungani zipo, Benki Kuu inauza, ukiwa na milioni moja unakaribishwa. Mimi shida yangu ni hiyo "ukiwa na". Wanaipita haraka sana, sekunde moja tu ya video, halafu dakika kumi wanaeleza jinsi ya kujaza fomu.

Mmoja wao amestaafu. Ana miaka ishirini na nane. Wanafuata mfano wa bwana mmoja wa Longmont, Colorado, Pete Adeney, maarufu kama Mr. Money Mustache, aliyeacha ajira mwaka 2005 akiwa na miaka 30 na sasa anasifika kwa kubana matumizi na kuendesha baiskeli. Huyo alikuwa mhandisi wa kompyuta, mshahara ulikuwa wa kubanika. Mimi nikitoka na baiskeli hapa Rangi Tatu, kabla sijafika kituoni nimeshasimamishwa mara tatu naulizwa trei ya mayai bei gani. Hakuna anayekusifia. Wanakupa pole.

Basi nikamuuliza kijana, "Mwanangu, sisi wengine sheria inatuambia miaka 60, au 55 kwa hiari. Wewe umestaafu kazi gani?"

Akanitazama kwa huruma. "Nimestaafu mfumo, mzee."

Akaniomba vocha ya mia tano.

Akanieleza kwamba mwaka 1994 Mmarekani William Bengen alipiga hesabu akaona mstaafu anaweza kutoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kidogo kadiri bei zinavyopanda, na hela ikamvusha miaka thelathini. Kwa hiyo natakiwa niwe na akiba mara 25 ya matumizi yangu ya mwaka. Nikamwambia matumizi yangu ya mwaka siyajui, nayajua ya leo, na ya leo hayajatimia. Akaandika kwenye daftari lake. Nadhani nitatokea kwenye video.

Haya, wakati makoti yanazunguka, chumbani kwangu kuna benki ya kweli na mimi ndiye mlinzi nisiye na mshahara. Mke wangu ni mtunza funguo wa kikoba. Sanduku la bati, kufuli tatu, wanawake watatu kila mmoja na ufunguo wake, ili mmoja akipata wazo baya awatafute wenzake wawili wenye wazo lilelile. Vikundi vya namna hiyo vilianza kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwasaidia, na hakuna mahali nimesikia kwamba walivaa koti. Ufunguo mke wangu analala nao. Sijawahi kuuona. Nauhisi tu, ubavuni.

Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikoba vinasajiliwa, basi mwenyekiti wao amechonga mhuri, na mhuri umempanda kichwani. Kuchelewa, faini. Simu kuita kikaoni, faini. Mimi siku moja nilikatiza nikiwa na taulo naenda kuoga, nikapigwa faini ya "kuvuruga kikao", na hata si mwanachama. Ikakatwa kwenye hela ya mboga.

Ikaja siku simu yangu ikapokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Mjulishe jirani yako alipe deni lake haraka." Nikadhani matapeli wa tuma-kwa-namba-hii. Kumbe kaupata Mama Vitumbua, kaupata fundi viatu, kaupata mpaka mwenye nyumba. Kocha amekopa kwenye moja ya zile programu za simu, kausha damu zenyewe, zinazobeba orodha nzima ya namba zako na kukutangaza kwa dunia. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Hiyo ya Kocha inaonekana haikusoma orodha.

Asubuhi hiyo taa ya duara haikuwaka. Majogoo yakawika kwa wakati.

Jumapili, saa kumi, kikao cha kikoba kimekaa uani, kanga zimetandikwa, sanduku katikati. Kocha akatokea. Amevaa koti. Akapiga magoti, akawaamkia wote, akaomba kujiunga na kukopa siku hiyohiyo.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Mapato yako kwa mwezi?"

"Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Wafuasi."

"Wanalipa?"

"Wanapenda."

Akinamama wakatazamana. Mama Vitumbua, ambaye ni katibu, akauliza hiyo taa ya duara iliuzwa shilingi ngapi na je, ilikuwa hitaji au matamanio. Kocha akaangalia chini. Simu yake ikaita hapohapo. Faini elfu moja, kabla hajawa mwanachama.

Wakanong'ona, wakahesabu, mwisho mwenyekiti akatamka: atakopeshwa nusu ya alichoomba, riba kama wengine, taa na koti vitakaa kwa katibu kama dhamana.

"Koti si la kwangu peke yangu," Kocha akasema taratibu.

"Basi wenzako watakuja kulikomboa. Na awepo mdhamini, mtu mzima, wa nyumba hiihii."

Mimi muda wote huo niko kwenye kibao changu, nimegeuza mgongo, nimejifanya ukuta. Nikasikia kimya. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, ile ya utaratibu, ambayo haina kukata rufaa:

"Baba Zai, hebu lete kitambulisho chako cha NIDA."